Televisheni Mpya Nyumbani: Keti Kwanza, Uhesabu



Mafundisho ya leo ni juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua walipokuwa wakijitayarisha kwa Ubatizo. Mahindi yakiisha kuvunwa na kuuzwa, katika nyumba nyingi za Kamina na vijiji vyake huzuka neno hili: “Mwaka huu tununue televisheni.” Mmoja hana bado. Mwingine anayo ya zamani iliyokufa, naye ataka mpya. Baba ataka iliyo kubwa, watoto wataka upesi, mama anyamaza, maana akumbuka deni la dukani lililobaki. Tena wako wanaomjia katekista na kumwuliza: “Mwalimu, mtu ajitayarishaye kwa Ubatizo aweza kununua televisheni? Si dhambi?”

Ulizo hilo ni jema, wala si la kuchekwa. Mkatekumeni ni mtu ajifunzaye kuishi maisha mapya. Akiuliza habari za sala tu, asiulize habari za fedha yake na za nyumba yake, hajaanza bado kujifunza. Kwani Yezu Kristu hataki kupewa kanisa peke yake. Ataka kuingia nyumbani pia, pale mnapolia bukari, pale mnapolala, pale watoto wenu wanapokaa jioni.

I. Kanisa lafundisha nini?

Fahamuni kwanza kwamba televisheni si kazi ya shetani. Ni kazi ya akili ya watu, na akili ni zawadi ya Mungu. Papa Pius XII aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima barua juu ya sinema, radio na televisheni, tarehe 8 Septemba 1957. Baadaye Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo hivyo, tarehe 4 Desemba 1963. Na tangu mwaka 1967 Kanisa lina siku moja kila mwaka ya kuviombea vyombo vya kupashana habari pamoja na watu wanaovitumia. Kama televisheni ingekuwa mbaya yenyewe, Kanisa lisingaliiombea, lingalikataza tu.

Zaidi ya hayo, Kanisa limeipa televisheni mtakatifu wa kuisimamia. Ndiye Mtakatifu Klara wa Assisi, aliyefariki mwaka 1253. Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa televisheni mwaka 1958. Mwashangaa: mtawa wa zamani sana ahusianaje na televisheni? Sikilizeni. Usiku wa Noeli Klara alikuwa mgonjwa kitandani, dada zake wote wamekwenda kusali, naye amebaki peke yake. Alihuzunika kwa kuikosa Misa. Ndipo Mungu alipomjalia kusikia nyimbo na kuona ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, kana kwamba alikuwa hapo. Sisi watu wa Kamina tuna sababu ya kumpenda mtakatifu huyu, kwa kuwa wamisionari Wafransisko ndio waliofanya kazi katika nchi hii kabla Kamina haijawa jimbo mwaka 1959, nao ni watoto wa Mtakatifu Fransisko, aliyekuwa baba wa Klara katika roho.

Angalieni lakini Klara aliona nini. Aliona Misa. Picha ile ilimsogeza kwa Mungu na kwa dada zake. Basi hapo tuna kipimo cha kwanza: picha njema ni ile imsogezayo mtu kwa Mungu na kwa wenzake. Tarehe 1 Februari 2023 Papa Fransisko alisoma Misa katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Kutoka Kamina hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,000. Maskini hawezi kulipa safari hiyo. Walakini mzee wa kijijini, ameketi juu ya kiti chake, aliweza kumwona Baba Mtakatifu na kumsikia. Hili ni jema. Vilevile mwezi wa Desemba 2010, Mazembe ya Lubumbashi ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya vilabu vya dunia, kule Abu Dhabi, watu wengi wa Katanga waliifuata kwa televisheni, wakafurahi pamoja na majirani, hata walipofungwa wakahuzunika pamoja. Furaha ya namna hiyo si dhambi.

Wengine husema: “Televisheni ni kama kisu. Kisu hukata mihogo, kisu huua mtu. Ubaya u katika mkono.” Neno hili ni kweli, lakini si kweli yote. Kisu hunyamaza mpaka ukishike. Televisheni haingoji hivyo. Ukiisha kuiwasha, yasema yenyewe, yaonyesha yenyewe, hata mambo ambayo hukuyaita. Kwa hiyo yampasa mtu kuichagua kwa uangalifu kuliko anavyochagua kisu.

II. Hesabu ya kwanza: fedha

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu mwenye akili, alisema, huketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama, aone kama anacho cha kuumalizia. La sivyo ataweka msingi tu, na wapitao njiani watamcheka. Mfano huu wapatikana katika Injili ya Luka, sura ya kumi na nne. Yezu alisema hivyo juu ya kumfuata Yeye. Lakini alichukua mfano wake katika mambo ya nyumbani, maana asiyejua kuhesabu katika mambo madogo hatajua kuhesabu katika yaliyo makubwa.

Tufikiri juu ya nyumba mbili.

Katika nyumba ya kwanza baba aliuza mahindi yake yote mara baada ya mavuno, wakati bei i chini kwa kuwa kila mtu auza. Alikwenda mjini Kamina, akanunua televisheni pana, kwa kuwa jirani yake alikuwa na iliyo pana. Fedha haikutosha, nyingine akakopa. Miezi mitatu nyumba ilijaa watu, na jina lake lilitajwa kijijini. Ikafika Januari, mvua nyingi, ghala tupu, mahindi yamepanda bei. Watoto wakala mara moja kwa siku. Ndipo mtoto mdogo aliposhikwa na malaria kali, wala hapakuwa na faranga ya kwenda hospitali. Baba akaufunga mtambo ule juu ya baiskeli, akausukuma katika matope kwenda kuutafutia mnunuzi. Mwenye kununua akamwona ana haraka, akampa nusu ya bei. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini mama wa mtoto yule hatausahau usiku ule aliokesha na homa ya mwanawe mbele ya kioo kikubwa cheusi kisichoweza kumsaidia neno.

Katika nyumba ya pili baba alimwambia mke wake: “Mama, njoo tuketi.” Akamwambia tamaa yake. Mama akajibu: “Baba, mimi pia naitaka. Lakini haya magunia matatu ni chakula cha watoto, tusiyaguse. Gunia hili ni la daftari na sare, na la karo ya mkubwa wetu aliye sekondari. Hili tulitunze kwa ajili ya ugonjwa. Linalobaki ni moja tu.” Baba hakukasirika. Walitunza fedha ya gunia lile, na mwaka wa pili wakafanya vivyo hivyo, ndipo waliponunua televisheni ndogo bila deni. Nyumba ya pili haikuwa na mahindi mengi kuliko ya kwanza. Ilikuwa na mazungumzo.

Basi, enyi waume, sikilizeni. Ninyi mnajitayarisha kwa Ubatizo, na wengi wenu mtafunga ndoa katika Kanisa. Ndoa takatifu huwafanya wawili kuwa mwili mmoja. Je, mkono mmoja waweza kutupa chakula ambacho mkono mwingine umelima? Mke aliyeshika jembe ana haki ya kushika hesabu. Nanyi wake, msinyamaze kwa hofu, kisha mkanung’unika kisimani. Semeni kwa heshima, mapema, kabla fedha haijatoka nyumbani. Tena masomo ya shule ya msingi ya serikali ni bure katika nchi yetu tangu mwaka 2019. Lakini daftari, nguo na masomo ya sekondari huhitaji fedha bado. Asiseme mtu: “Serikali yalipa yote, mimi ninunue anasa.”

Kuna hatari nyingine katika fedha. Waweza kuonyeshwa televisheni ya bei ndogo mno, na mwuzaji hataki kusema ilikotoka. Jiulize: yawezekana imeibwa katika nyumba ya mtu? Amri ya saba haimkatazi mwizi peke yake. Yamkataza pia anunuaye kitu akijua kimeibwa. Kumbukeni Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa nchi yetu. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zilizoingia Goma. Wakamletea fedha ili aruhusu chakula kilichooza kipite; akakataa, kwa sababu kingaliwadhuru watu. Kwa ajili hiyo aliuawa mwezi wa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Yeye alikubali kupoteza uhai kuliko kuruhusu bidhaa mbaya. Sisi je, tutashindwa kuacha televisheni ya wizi?

III. Hesabu ya pili: umeme

Mnajua kwamba waya mkubwa wa umeme hutoka katika bwawa la Inga, karibu na bahari, na kufika Kolwezi, mwendo wa kilomita 1,700 hivi. Ulimalizika mwaka 1982. Waya huo hupita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku havina hata taa moja, kwa maana umeme wake ni mkali mno, wala hauwezi kushuka kijijini bila mitambo mikubwa ya kuupunguza. Basi mtu wa kijijini anunuaye televisheni sharti aulize: “Itakula nini?” Mabikira wapumbavu wa Injili walikuwa na taa nzuri, mafuta ndiyo hawakuwa nayo. Na mwenye televisheni asiye na umeme yu katika hali yao.

Sikilizeni sasa mambo machache ya kuwasaidia katika kuchagua.

Kila televisheni ina maandishi nyuma yake. Tafuteni hesabu ya wati. Wati ndiyo njaa ya mtambo: wati nyingi, njaa nyingi. Televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mnene kama sanduku, hula yapata wati 60 hadi 100. Televisheni mpya nyembamba, yenye kioo cha inchi 24 hivi, hula wati 20 hadi 40 tu. Basi ile ya zamani iuzwayo rahisi yaweza kuwa ghali, kwa kuwa kila jioni yadai umeme mara mbili au tatu zaidi. Tena kioo chake kina risasi ndani yake, nayo ni sumu. Ikifa, msiivunje, wala msiwape watoto waichezee.

Paneli ya jua ya wati 100, siku ya jua jema, yaweza kuleta umeme wa kutosha televisheni ndogo na taa chache kwa jioni nzima. Lakini siku za mawingu ya masika hupata kidogo sana. Betri nayo, ile nzito ya maji makali kama ya gari, haipendi kumalizwa kabisa. Tumieni nusu tu ya nguvu yake, ndipo itakapodumu. Mtu aikaushaye kila usiku ataizika kabla ya wakati wake. Tena maji ya betri huchoma ngozi na macho. Iwekeni mbali na watoto.

Ulizeni pia kama televisheni yaweza kula umeme wa betri moja kwa moja, yaani wa volti 12. Kama haiwezi, itawabidi kununua chombo cha kuugeuza umeme, nacho hula sehemu yake. Ulizeni habari ya antena na ya dekoda. Dekoda nyingine hudai malipo kila mwezi. Na asiyelipa hubaki akitazama giza. Malipo hayo yahesabiwe tangu mwanzo, maana mnara wa Injili haukuisha kwa msingi.

Mwisho, msinunue kitu kilichofungwa katika sanduku bila kukiona kikiwashwa. Mwambieni mwenye duka aiwashe, ikae kitambo, msikie sauti, mtazame kioo kutoka mbele na kutoka kando. Ombeni karatasi ya malipo. Kisha ifungeni vizuri. Njia zetu ni za mchanga na mashimo, na kioo cha televisheni nyembamba huvunjika upesi. Na ukubwa? Nyumba ndogo haihitaji kioo kama ukuta. Anayechagua kikubwa ili watu wamtaje, hanunui televisheni, anunua sifa. Na amri ya kumi yatukataza kutamani mali ya jirani.

IV. Hesabu ya tatu: nani ataingia nyumbani?

Hesabu hii ndiyo kubwa. Fedha ikipotea, yaweza kurudi. Betri ikifa, yaweza kununuliwa nyingine. Bali moyo wa mtoto ukiisha kuharibika, nani atauuza mjini?

Nyumba yenye televisheni ni nyumba yenye mlango wa pili. Katika mlango wa kwanza hamruhusu mtu yeyote aingie. Mlevi akija anatukana, mwamwambia arudi kwake. Mwanamke au mwanamume asiye na haya akija kujivua nguo mbele ya watoto wenu, mngepiga kelele hata majirani wakakusanyika. Kwa nini basi watu hao hao waingie kwa mlango wa pili, mkawapa nafasi ya mbele?

Jambo hili si jipya. Katika miaka ya 200 hivi, palikuwa na mwalimu Mwafrika huko Kartago, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Jina lake Tertuliano. Aliandika kitabu kizima juu ya michezo ya kutazamwa, akakielekeza kwa watu wanaojitayarisha kwa Ubatizo na kwa wale waliokwisha kubatizwa. Wakati ule watu walikusanyika kutazama wanadamu wakiuana kwa furaha ya watazamaji. Tertuliano aliwakumbusha wakristu kwamba, siku ya Ubatizo, walimkataa shetani pamoja na fahari zake; basi wasirudi kuzitazama fahari hizo na kuzishangilia. Nanyi pia, siku mtakapobatizwa, padri atawauliza kama mnamkataa shetani, nanyi mtajibu mbele ya watu wote. Jibu hilo si la mdomo peke yake. Ni la macho pia.

Tena sikilizeni habari ya Alipio, Mwafrika mwingine, rafiki wa Mtakatifu Agustino, ambaye ndiye aliyetuandikia habari hii. Alipio alikuwa kijana mwema, alikwenda Roma kusoma sheria. Alichukia michezo ya kuuana. Siku moja rafiki zake walimvuta kwa nguvu mpaka uwanjani. Alijitumaini nafsi yake: aliwaambia kwamba wangeweza kuuvuta mwili wake tu, wala si roho yake. Akaketi, akafumba macho. Angalieni, alifumba macho, lakini masikio hakuziba. Mpiganaji mmoja akaanguka, watu wote wakapiga kelele kuu, Alipio akataka kujua tu kuna nini. Akafumbua macho. Hapo hapo akapigwa jeraha katika roho yake kubwa kuliko jeraha la yule aliyeanguka. Hakuondoa macho tena. Akashangilia pamoja nao, akarudi siku nyingine, hata akawavuta wengine. Muda ulipita mpaka Mungu akamponya. Mwaka 387, usiku wa Pasaka, alibatizwa mjini Milano pamoja na Agustino, na baadaye akawa askofu katika mji wa kwao, Tagaste.

Habari hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza: asiseme mtu, “Mimi nina nguvu, nitatazama tu, sitadhurika.” Alipio naye alisema hivyo. La pili: asikate tamaa aliyekwisha kudhurika. Mungu aliyemwinua Alipio aweza kumwinua naye. Azime mtambo, aombe msamaha, aanze tena.

Kuna wageni wengine wa hatari, nao huja wamevaa kanzu za dini. Hao ni wahubiri wa televisheni wanaowaahidi watu mali na uponyaji kwa kutuma fedha, au kwa kununua mafuta na maji yao. Wengine huwatia watu hofu, wakisema mtoto fulani ni mchawi, hata wazazi wakamfukuza mtoto wao wenyewe. Wapenzi wangu, neema ya Mungu haiuzwi. Simoni Mchawi alitaka kuinunua kwa fedha, na Mtume Petro alimkemea vikali. Wala Bwana Yezu hakumfukuza mtoto hata mmoja. Aliwakumbatia na kuwabariki. Asemaye kinyume cha hayo, hata akiwa na sauti kubwa na nguo za kung’aa, mzimeni.

V. Kanuni za nyumba

Televisheni ikiisha kununuliwa, iwekeni mahali ambapo watu wote hukaa, si katika chumba cha kulala. Kitu kitazamwacho mbele ya wote hakikosi mlinzi. Hapo televisheni ina faida kuliko simu, ambayo kijana huitazama peke yake gizani.

Baba na mama wapatane juu ya saa ya kuiwasha na saa ya kuizima, kisha wao wenyewe waitii kanuni yao. Baba akimwambia mtoto alale, naye akibaki akitazama mapigano mpaka usiku wa manane, mtoto amefundishwa kwa mfano wala si kwa neno.

Sala ya jioni isifuate televisheni, itangulie. Wakati wa sala, kioo kiwe cheusi kabisa, si sauti tu kupunguzwa. Wakati wa chakula vivyo hivyo. Nyuso za watoto wenu ndizo zinazowapasa kutazamwa wakati ule.

Wekeni jioni moja au mbili katika juma bila televisheni, ili bibi na babu wapate kusimulia. Mzee aketiye kando ya moto na kunyamaza kwa sababu wajukuu wote wamempa mgongo, huyo amefiwa na watu walio hai. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Na sehemu ya heshima ni kuwasikiliza.

Mwisho, msiwafungie majirani mlango, wala msiwauzie watoto maskini nafasi ya kukaa. Aliyepewa furaha na aigawe.

VI. Maulizo na majibu

Ulizo: Je, ni dhambi kuwa na televisheni?
Jibu: Si dhambi. Dhambi ni kuipata kwa njia mbaya, au kuitumia kwa mambo mabaya, au kuipenda kuliko Mungu na jamaa zetu.

Ulizo: Misa ya televisheni yatosha siku ya Bwana?
Jibu: Kwa mgonjwa na kwa mzee asiyeweza kutoka, ni faraja kubwa. Lakini mwenye miguu na afya ataenda kanisani. Na pale padri asipofika, atakwenda katika mkutano wa sala pamoja na katekista. Kwa macho hatuwezi kupokea Komunyo.

Ulizo: Nifanye nini jambo chafu likitokea ghafula, watoto wakiwapo?
Jibu: Zima mara moja, bila kelele na bila aibu. Kisha waeleze watoto kwa nini umezima, ili wajifunze kuzima wenyewe siku ambayo hutakuwapo.

Ulizo: Nisipoweza kununua, je, mimi ni mtu duni?
Jibu: Hapana. Mtoto wa Mungu hapimwi kwa kioo. Bwana wetu alizaliwa katika hori la wanyama, na wachungaji walimwona kuliko wafalme wote wa wakati ule.

Azimio la juma hili

Kila nyumba, yenye televisheni au isiyo nayo, ichague jioni moja. Mume na mke waketi pamoja, wahesabu chakula, shule, ugonjwa na madeni, wala mmoja asimkaripie mwenzake. Kama kuna televisheni, watoto waitwe, waulizwe wameona nini juma lililopita, na wazazi wasikilize mpaka mwisho. Kisha wote wapige magoti, waseme maneno haya:

“Ee Yezu, Mwanga wa kweli, utulinde macho yetu. Utupe akili ya kuhesabu na moyo wa kushukuru. Uingie katika nyumba yetu kabla ya mgeni mwingine yeyote, ukae nasi, utufikishe salama kwenye maji ya Ubatizo. Mtakatifu Klara, utuombee. Amina.”